Asilimia 100 au asilimia 82: tulivyolinganisha shule mbili za msingi Mbeya

Wifi yangu alihamia Mbeya mwezi Desemba 2024 akitokea Makete, na watoto wawili: wa kiume anaingia darasa la tano, wa kike anaanza la kwanza. Hata vyombo havijakaa sawa, akanifuata dukani kwangu Mwanjelwa na simu mkononi, ameshafungua matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2024.

"Wifi, hii ya midiamu ina mia kwa mia. Hii ya Kayumba ina themanini na mbili. Hapo kuna la kufikiria kweli?"

Midiamu ni shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, na Kayumba ni jina la mtaani la shule ya serikali. Nikamwambia lipo, tena kubwa. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya shule kwa miaka sita, na kila matokeo yakitoka naona wazazi wakishika namba ya juu na kuziacha za chini yake, ambazo ndizo zingewasaidia kuamua. Tukakaa jioni mbili na karatasi na kalamu. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyapata, kwa ajili ya mzazi mwingine anayehangaika kama yeye msimu huu wa shule kufunguliwa.

Namba za taifa nitakazozitaja ni za Baraza la Mitihani. Namba za shule hizi mbili nimezibadilisha ili shule zisitambulike, kwa sababu sitaki mwalimu anyooshewe kidole. Sura ya namba hizo tu, yaani ipi iko juu na ipi iko chini, ndiyo niliyoiacha. Nitaziita kwa mapaa yake: ya bati la bluu ni ya binafsi, inafundisha kwa Kiingereza, ya bati jekundu ni ya serikali, ina mikondo miwili kila darasa na vumbi la kutosha uwanjani.

Neno "wastani" linabeba vitu viwili

Mtaani tunasema "wastani wa taifa mwaka huu ni 80.87". Hiyo 80.87 ni asilimia ya watahiniwa waliopata daraja A, B au C katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa 2024. Mwaka 2023 ilikuwa 80.58, na 2022 ilikuwa 79.62. Ukifungua ukurasa wa shule, unakuta pia "wastani wa shule", mathalani 158. Hapo ni alama, katika jumla ya alama 300: masomo sita, kila moja alama 50. Mzazi akiweka 158 karibu na 80.87 amechanganya kilo na lita.

Asilimia ya ufaulu inakuambia wangapi wameruka mstari. Mstari wenyewe ni alama 121. Kuanzia 121 hadi 180 ni C, 181 hadi 240 ni B, 241 kwenda juu ni A. Mwenye 61 hadi 120 amepata D na amehesabiwa hakufaulu. Kwa hiyo mtoto wa 121 na mtoto wa 178 wote ni C, wote wamo kwenye ufaulu, wakati mmoja kamzidi mwenzake karibu alama 60. Mtoto wa 120 yuko nje kwa alama moja. Shule inaweza kuwa na ufaulu wa asilimia 90 huku watoto wake wengi wamekaa kwenye 125 na 130, na nyingine ikawa na asilimia 80 lakini hao waliofaulu wako 170 na kuendelea. Ukitazama asilimia peke yake, huioni tofauti hiyo kabisa.

Tuliziweka namba hivi:

| | Bati la bluu | Bati jekundu |
|---|---|---|
| Waliofanya mtihani | 24 | 142 |
| Waliopata A hadi C | 24 (100%) | 117 (82.4%) |
| Wastani wa shule /300 | 214 (B) | 158 (C) |
| Kiswahili /50 | 36 | 35 |
| Kiingereza /50 | 42 | 17 |
| Hisabati /50 | 33 | 19 |
| Sayansi na Teknolojia /50 | 36 | 27 |
| Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi /50 | 33 | 29 |
| Uraia na Maadili /50 | 34 | 31 |

Kwa asilimia, bati jekundu iko juu kidogo ya taifa. Mwalimu mkuu wao ana haki ya kulisema hilo kwenye kikao cha wazazi. Bati la bluu iko juu sana. Wifi yangu akanitazama kama anayesema, si nilikwambia?

Shusha macho kwenye masomo

Katika somo moja, alama 11 hadi 20 ni D. Angalia bati jekundu: Kiingereza 17, Hisabati 19. Masomo mawili yako kwenye D, na bado shule nzima ina C, kwa sababu Kiswahili, Uraia na Maarifa ya Jamii vimeibeba. Hili si tatizo la shule ile peke yake. Nchi nzima, kwa miaka mingi, Kiswahili ndiyo somo linaloongoza, na Kiingereza na Hisabati ndiyo yanayovuta nyuma. Kwa hiyo mtoto anaweza "kufaulu" kwa maana ya wastani wa taifa, akapangiwa sekondari ya kata, na Januari akakaa darasani mwalimu anapofundisha Baiolojia, Jiografia na Historia kwa lugha ambayo yeye alipata D.

Huwa nasikia uchungu sana nikikutana na watoto hawa. Dukani kwangu alikuja mmoja mwaka juzi kununua kitambaa cha sare, kachangamka, kafaulu. Mwezi wa nne mama yake ananiambia haandiki chochote daftarini zaidi ya kichwa cha habari, kwa sababu hicho ndicho kinachobaki ubaoni muda mrefu.

Hapo bati la bluu imeshinda, na ushindi wake ni wa kweli. Nilikwenda kuona. Darasa la nne lilikuwa na watoto 28. Mwalimu alimwita binti mmoja asome aya ya Kiingereza, kisha akamwambia afunge kitabu na aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichosoma. Binti akaeleza, akikosea hapa na pale, na mwalimu akamwacha amalize ndipo akamrekebisha. Hiyo 42 ina mahali ilikotoka.

Kwa Kiswahili shule zote mbili ziko sawa. Mzazi anayedhani midiamu huua Kiswahili cha mtoto, au anayedhani Kayumba ndiko Kiswahili kinakofundishwa vizuri zaidi, kwenye namba hizi hapati ushahidi wa lolote kati ya hayo mawili.

Ishirini na nne hao, walianza wangapi?

Hapa ndipo nilipomtaka wifi atulie.

Watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba 2024 walikuwa darasa la nne mwaka 2021, na mwaka huo walifanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Matokeo yake bado yapo kwenye tovuti ya Baraza. Ukifungua ya mwaka ule kwa shule ileile unaona ilikuwa na wangapi. Bati la bluu: 41. Miaka mitatu baadaye wamefanya mtihani 24.

Watoto 17 wamekwenda wapi? Wengine wazazi wamehama. Wengine ada imeshinda. Hakuna ubaya katika hayo. Lakini kuna jambo jingine ambalo linafanyika kwenye baadhi ya shule na wazazi tunalinyamazia, nami nalijua kwa sababu lilinipata.

Mwanangu wa kwanza alisoma shule moja ya binafsi hapa mjini, si hii. Alipokaribia kumaliza darasa la sita, mimi na mume wangu tukaitwa ofisini. Tukaambiwa kwa upole sana kwamba mtoto "hawezi kasi ya shule", na kwamba ni vizuri tukimtafutia pengine kabla Januari haijafika. Nikauliza amekosa nini. Jibu lilikuwa: atashusha wastani wa shule. Nilitoka pale nimemshika mkono mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye alikuwa amesikia kila neno kupitia dirishani. Alimalizia darasa la saba shule ya serikali, akapata C yake, leo yuko kidato cha tatu. Mwaka ule, shule iliyomtoa ilibandika ufaulu wa asilimia 100 getini.

Kwa hiyo nikiona mia kwa mia, swali langu la kwanza ni moja tu: mia ya wangapi, na walianza wangapi? Sisemi hao 17 wangefeli, hakuna ajuaye. Nasema kwamba ufaulu wa 24 kati ya 24 na ufaulu wa 24 waliobaki kati ya 41 ni habari mbili, na ukurasa wa matokeo unakuonyesha moja tu.

Bati jekundu mwaka 2021 ilikuwa na watoto 150 darasa la nne. Darasa la saba wakafanya 142. Ndani yake wapo waliorudia na waliohamia, kwa hiyo si walewale kichwa kwa kichwa. Ila mlango haukufanywa mwembamba.

Jambo jingine dogo kuhusu udogo wa darasa: kwenye shule ya watahiniwa 24, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia nne. Watoto wawili wakiumwa malaria wiki ya mtihani, shule inashuka kutoka 100 hadi 92 bila mwalimu kufanya kosa lolote. Kwenye shule ya watahiniwa 142, mtoto mmoja hafikishi hata asilimia moja. Ndiyo maana kurasa za matokeo zilikuwa zikizitenga shule kwa makundi, zenye watahiniwa 40 au zaidi na zenye pungufu ya 40. Shule ndogo itazame kwa miaka mitatu au minne mfululizo kabla hujaiamini au hujaikataa.

Mtego wa darasa la nne

Wifi akaona kitu ambacho nusura kitupoteze. Bati jekundu mwaka 2021, kwenye upimaji wa darasa la nne, ilikuwa na ufaulu wa asilimia 82. Darasa la saba 2024, asilimia 82. "Si umeona? Miaka mitatu hawajasogea hata hatua."

Lakini ufaulu wa darasa la nne hauhesabiwi kama wa darasa la saba. Kwenye upimaji wa darasa la nne, D inahesabiwa kuwa ufaulu; anayekwama ni wa E. Baraza linapotangaza kwamba darasa la nne 2023 wamefaulu asilimia 83.34, ndani yake wamo wa D. Linapotangaza darasa la saba 80.58 mwaka huohuo, wa D wametolewa. Nimewahi kumsikia diwani akisema kwa nguvu zote kwamba elimu inashuka kati ya la nne na la saba, kwa kuzilinganisha namba hizo mbili.

Tukarudia hesabu. Kati ya wale 150 wa bati jekundu, waliopata A hadi C walikuwa 84, waliopata D 39, waliopata E 27. Kwa kipimo cha A hadi C, shule ile ilikuwa na asilimia 56 darasa la nne. Miaka mitatu baadaye ina 82. Mitihani miwili haifanani kwa ugumu, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kupimia kama futi kamba. Fanya hesabu ileile kwa shule mbili tatu za serikali za jirani, uone kama nazo zimepanda kiasi hicho. Sisi tulifanya kwa mbili. Moja ilipanda kidogo sana, nyingine karibu haikupanda.

Hapo ndipo bati jekundu ilipoanza kuniingia moyoni. Nikaenda kutazama madaftari, kwa sababu kupanda huko lazima kuwe na mtu anayekufanya. Nikaomba daftari lolote la Hisabati la darasa la tano. Mtoto alikuwa ameandika robo tatu jumlisha moja ya nane, akapata 4/12. Amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwalimu hakuishia kuweka kosa. Amezungushia 12 kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "fananisha asili kwanza". Chini yake mtoto kaandika Masahihisho: 6/8 + 1/8 = 7/8, na mwalimu kasaini tena, tarehe ya kesho yake. Mkondo ule una watoto 71, wakati kiwango kinachotakiwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu anayesahihisha masahihisho ya watoto 71 anafanya kazi ambayo hakuna safu yake kwenye tovuti yoyote.

Kulinganisha na taifa lipi, la mwaka upi

Hili nalipitia haraka. Linganisha shule na taifa la mwaka uleule, basi. Mwaka 2012 ufaulu wa taifa ulikuwa asilimia 30.72, mwaka uliofuata 50.61, mwaka 2020 ulifika 82.68. Shule iliyokuwa na asilimia 50 mwaka 2012 ilikuwa inang'ara. Leo ingekuwa na kikao cha dharura. Na taifa limechanganya kila kitu: bweni za mijini, shule za vijiji vya pembezoni, za maelfu ya ada na zisizo na ada, mtoto anayezungumza Kiswahili tangu kitandani na mtoto wa milima ya Umalila au Rungwe anayekutana nacho sawasawa akiwa darasa la awali. Kwa shule ya serikali iliyo ndani ya Jiji la Mbeya, kipimo chenye haki zaidi ni shule nyingine za serikali za jiji, halafu ndipo taifa.

Shule kumi bora usizitafute. Tangu mapema mwaka 2023 Baraza liliacha kuzitangaza, na mimi naliunga mkono. Tulikuwa tunageuza watoto kuwa timu za mpira. Orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikiitwa "kumi bora Nyanda za Juu Kusini" ni za watu binafsi.

Sasa watoto wawili wa wifi

Mdogo na mkubwa hawana jibu moja, na hapa ndipo nadhani wazazi wengi hukosea: tunachagua shule ya familia badala ya shule ya mtoto.

Mkubwa. Matokeo yake ya darasa la nne yalipotoka, ana C ya jumla, Kiingereza D. Bati la bluu walikuwa tayari kumpokea kwa sharti arudie la nne. Kwanza tulikasirika, kisha tukapiga hesabu tukaona si mwaka wa kupotea. Mtaala mpya ulianza 2024 na darasa la kwanza na la tatu, na chini yake elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Akiingia la tano sasa, atamaliza la saba mwaka 2027. Akirudia la nne, ataangukia kundi la mtaala mpya na kumaliza la sita mwaka huohuo 2027. Njia zote mbili zinamfikisha kidato cha kwanza Januari 2028, pamoja na umati wa watoto wa madarasa mawili.

Kwa hiyo miaka ni mitatu kwa mitatu. Kilichoamua ni ile 17 iliyopotea. Mtoto mwenye C na D ya Kiingereza ndiye hasa anayeitiwa wazazi ofisini kule ambako wastani ni roho ya biashara. Walipoulizwa watoto wale 17 wako wapi, mwalimu wa taaluma alisema angetafuta rejesta. Tukasubiri wiki. Nilimshauri wifi ampeleke bati jekundu, na hela ambayo ingekuwa ada, hata robo yake, iende kwa mwalimu wa Kiingereza wa jioni mara tatu kwa wiki. Shule ile udhaifu wake unajulikana, na ni somo linaloweza kuongezewa nje. Kutolewa shuleni kwa sababu ya wastani, hilo sijui mzazi analiongezea nini.

Mdogo. Kwake matokeo ya darasa la saba yana thamani ndogo kuliko watu wanavyodhani. Walimu walioyaleta mwaka 2024 huenda nusu yao hawatakuwepo atakapomaliza darasa la sita mwaka 2030. Anachohitaji sasa ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtu wa kumshika mkono. Darasa la kwanza la bati jekundu lilikuwa na watoto 94 siku tuliyokwenda, wengine wamekaa wanne kwenye dawati. La bati la bluu lilikuwa na 26. Kwa mtoto wa miaka sita tofauti hiyo naipa uzito kuliko mia kwa mia yao yote, na ingekuwa ni mimi, ningempeleka bluu kwa miaka hii ya mwanzo kama mfuko unaruhusu, huku jicho langu liko kwenye idadi ya watoto wa darasa lake kila mwaka.

Mfuko wa wifi unaruhusu kwa kubana. Mumewe bado hajakubali; anasema ndugu wawili kusoma shule mbili kutawagawa, na mkubwa atajiona amewekwa pembeni. Hilo halimo kwenye tovuti ya matokeo, nami sikuwa na jibu lake.

Kijana ameanza bati jekundu Jumatatu. Mwalimu wake wa Hisabati ni yuleyule wa wino mwekundu. Rejesta ya bati la bluu bado haijapatikana, na Ijumaa wifi anarudi kuiulizia kabla hajalipa awamu ya kwanza.